Msimfukuze Zimwi Kitabuni

Wakristo wa kwanza wa Nyeri, Othaya na Karatina waliitwa na jirani zao athomi, yaani wasomaji. Walitambulishwa kwa kitabu walichoshika mkononi kabla ya kutambulishwa kwa yule waliyemwamini. Wamisionari wa Consolata kutoka Turin waliingia nchi ya Wagikuyu mwaka wa 1902, na Wapresbiteri wa Skotlandi wakapiga kambi Tumutumu miaka michache baadaye. Pande zote mbili mambo yalikuwa yale yale: aliyetaka kubatizwa alikalishwa kwenye benchi la kusomea, na aliyekuja kutafuta kusoma tu alijikuta anafundishwa ubatizo. Kusoma na kuokoka vikabebwa na neno moja. Urithi huo haujatutoka. Mzazi anaposimama mbele ya rafu katika duka la vitabu mjini Nyeri au Nanyuki, mkono ukasita juu ya kitabu chenye zimwi kwenye jalada, kinachomsitisha si bei peke yake. Anahisi kwamba kitabu kinaweza kumjenga mtoto na kinaweza kumharibu. Hofu hiyo naiheshimu. Ninachopinga ni mahali inapompeleka mara nyingi, kwenye kijitabu chembamba ambamo mtoto mtiifu anapewa zawadi, mtoto mkaidi anatumbukia mtoni, na ukurasa wa mwisho unauliza hadithi hii inatufunza nini, kisha unajijibu wenyewe.

Swali lililopo hapa ni la dini kabla ya kuwa la malezi. Mtoto wa chekechea anaweza kukariri amri zote kumi kabla ya Krismasi, na ni vizuri azikariri. Lakini kuijua amri ni jambo moja, na kulitambua baya linapobisha hodi likiwa limevaa tabasamu ni jambo jingine, na hilo la pili halipatikani kwa kukariri. Linapatikana kwa mazoezi ya kuhukumu: kuona tendo, kuona limefanywa na nani na kwa nani, kuona lilivyomwacha kila mmoja, halafu kuamua moyoni. Kwa hiyo nasema kwamba kitabu kizuri cha mtoto ni kile kinachomwonyesha tendo na matokeo yake bila kudanganya, kisha kikanyamaza na kumwachia kazi iliyobaki. Mzazi anayeiogopa kazi hiyo kwa jina la imani anaogopa jambo ambalo maandiko yenyewe yanalifanya mchana kweupe.

Chukua kisa cha nabii Nathani na mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli. Daudi amemchukua Bathsheba, na amempeleka mumewe, Uria, mstari wa mbele wa vita ili afe. Amri ya kutozini anaijua. Ya kutoua anaijua pia. Hakuna kifungu cha sheria ambacho nabii angemsomea kikawa kigeni masikioni mwake. Nathani anaingia na hadithi. Palikuwa na tajiri mwenye makundi ya mifugo, na maskini mwenye kondoo jike mmoja mdogo, aliyemlea pamoja na watoto wake, akila tonge lake, akinywa katika kikombe chake, akilala kifuani pake. Tajiri anapata mgeni, anaona uchungu kugusa mifugo yake, anamchukua yule mmoja wa maskini na kumchinja. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu ya kifo kabla hajajua kwamba mshtakiwa ni yeye. Kikombe na kifua, vitu visivyo na nafasi katika sheria yoyote, ndivyo vilivyomfikisha mfalme pale ambapo amri ilikuwa imeshindwa kumfikisha. Nathani angeanza na funzo, Daudi angeanza kujitetea, kama tunavyofanya sote tukishahisi mahubiri yanakuja. Na Muislamu wa Majengo, hapo hapo Nyeri, ana ushahidi wake. Sura ya Yusuf inasimulia ndugu wanaomtupa ndugu yao kisimani, mke wa mkubwa anayemtamani kijana aliyelelewa nyumbani mwake, na mtu asiye na hatia anayekaa gerezani miaka. Kurani haikifichi kisa hicho kwa ajili ya masikio laini. Inakitangaza kuwa ni simulizi iliyo bora.

Sasa turudi chini ya Mlima Kenya. Miongoni mwa ng'ano, hadithi za jioni za Wagikuyu, ipo moja inayojulikana sana, ya mke wa mhunzi. Mume amekwenda mbali kufua chuma. Mke amebaki peke yake na mimba, siku zikatimia, akajifungua, na irimũ, zimwi letu, likaingia nyumbani kujifanya mkunga. Linapasua kuni, linapika, linapakua. Kisha linamsogezea mzazi chakula, na kabla mkono wake haujafika linakivuta na kukila lenyewe, likisema kwamba inaonekana hakitaki. Siku zinapita, zimwi linanenepa na mama anakonda, na kwa mtu anayepita njiani nyumba ile ina msaidizi. Mwanamke ana mbegu za mbarika alizoanika juani. Ndege anakuja kuzidonoa. Wanapatana: kula, lakini nipelekee ujumbe kwa mume wangu. Ndege anaruka mpaka wanakofulia chuma, anatua mtini na kuimba; wahunzi wanamfukuza, anaimba tena, mpaka mume anaelewa kwamba wimbo ule ni wake. Anarudi, na zimwi linauawa.

Hakuna mahali ambapo msimulizi anasema tusiwaamini wageni. Angesema hivyo angekosea, maana wakunga wengi ni wema na ndege mwenyewe ni mgeni. Anachokiweka mbele ya mtoto ni sahani iliyosogezwa na kuvutwa. Mtoto wa miaka sita anaelewa sahani. Anaelewa kuonyeshwa kitu na kunyang'anywa, kisha kuambiwa kwamba ni yeye aliyekikataa. Siku atakapokutana na mtu mzima wa aina hiyo, awe jirani, jamaa au mwalimu, atakuwa na picha ya kulinganisha, na picha hiyo itamfikia haraka kuliko kanuni. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi ningeongeza kwamba mtoto naye anahitaji kulijua zimwi, na mahali salama pa kulijulia ni kwenye mapaja ya mtu anayempenda. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi hii inamfundisha msichana kukaa na kumngoja mwanamume aje kumwokoa. Lalamiko hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu limo katika zile mbegu. Mwanamke huyu ametoka kujifungua, hawezi kusimama, hana silaha. Ana mali moja tu nje ya mlango wake, na ameitumia kumkodi mjumbe. Mkuki ni wa mume. Mpango ni wa mke. Lakini mtoto akihitimisha kwamba mume alichelewa mno, na kwamba hakupaswa kwenda mbali wakati ule, ameamua jambo ambalo wazee wenyewe wangelijadili usiku kucha, na sioni kwa nini kitabu kimzuie.

Pingamizi zito zaidi ni la kale. Plato, katika Jamhuri, alitaka watunzi wa hadithi wasimamiwe, na mama na yaya wasimulie zile tu zilizokubaliwa, kwa kuwa nafsi ya mtoto ni laini na hupokea chapa yoyote inayobandikwa. Al-Ghazali naye aliufananisha moyo wa mtoto na kito safi ambacho bado hakijachorwa kitu, kinachokubali kila nakshi. Rousseau alikwenda mbali kuliko wote. Katika Émile, kitabu chake cha 1762, aliichambua mstari kwa mstari ngano ya La Fontaine ya kunguru na mbweha, ambayo watoto wa Ufaransa walikaririshwa. Wakubwa walidhani mtoto anajifunza kuogopa sifa za uongo. Rousseau alisema kwamba mtoto anajifunza kumpenda mbweha, maana mbweha ndiye anayeondoka na jibini. Mweke Sungura mahali pa mbweha, na pingamizi hilo linaingia moja kwa moja katika kila nyumba ya Afrika Mashariki.

Rousseau aliona kweli. Mtoto humpenda mjanja. Lakini tazama alichokithibitisha. Watoto wale walipewa ngano na funzo lake, wakalikariri funzo, na bado wakampenda mbweha. Basi funzo lililobandikwa mwishoni halikufanya kazi yoyote. Mtoto aliamua mwenyewe, kimya kimya, na kwa kuwa alikuwa na jibu la kumpa mwalimu, hakuna aliyemuuliza alichokiamua. Hiyo ni hoja dhidi ya ukurasa wa mwisho wa kile kijitabu chembamba kuliko ilivyo hoja dhidi ya Sungura. Tena Sungura wetu hashindi kila siku. Kobe humshinda, na mtoto aliyesikia visa ishirini badala ya kimoja anajua kwamba ujanja una mwisho. Na lipo jambo ambalo wanafalsafa hawa, pamoja na ukubwa wao, sioni kama walilipa uzito wake: mtoto humpenda Sungura kwa sababu Sungura ni mdogo kati ya wakubwa. Simba anataka kumla, Fisi anataka kumwibia, Tembo hamwoni. Mtoto naye anaishi katika nyumba ambayo kila kiti ni kirefu na kila uamuzi umefanywa na wengine. Kumdanganya Simba aliyekuja kukumeza na kumwibia rafiki aliyekualika chakula ni mambo mawili tofauti, na ukimuuliza mtoto atakueleza tofauti hiyo kwa ukali ambao watu wazima tumeupoteza.

Anayemkataa Sungura kwa ajili ya ulaghai wake, hata hivyo, amekwisha kumpokea Yakobo. Kisa chake hufundishwa shule ya Jumapili kwa picha za rangi: mama anampikia baba kipofu, anamvika mwanawe ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, mtoto anamdanganya mzee anayedhani yuko karibu na kufa na kuondoka na baraka ya kaka yake. Hakuna radi inayopiga. Biblia inaendelea. Miaka inapita na Yakobo anaamka asubuhi baada ya harusi yake kukuta aliyelala naye gizani ni Lea, si Raheli. Miaka mingine inapita na wanawe wanamchinja mbuzi, wanaichovya kanzu ya Yusufu katika damu yake na kumletea mzee aitambue. Msimulizi hasimami kutuambia kwamba hayo ni malipo. Ameweka ngozi za mbuzi huku na damu ya mbuzi kule, na kati yake maisha mazima ya mtu. Mtoto anayeachwa amwone mwenyewe huyo mbuzi wa pili amepata kitu ambacho hakuna mwalimu angeweza kumkabidhi.

Ipo nyumba nyingine ya wapinzani, na hawa sitaki kuwajibu kwa haraka. Ni wazazi wanaotoka katika uamsho wa Afrika Mashariki, ambao huku huitwa Ahonoki, waliookoka. Wao hawahangaiki sana na ujanja. Wanaikataa ng'ano nzima, kwa kuwa ina mazimwi, roho za waliokufa na miti mitakatifu. Watu hawa wana historia inayowapa haki ya kusikilizwa. Wakati wa Mau Mau baadhi yao waliuawa kwa kukataa kula kiapo. Mtu aliyeachana na mambo ya kale kwa gharama hiyo, au aliyelelewa na walioachana nayo, hawezi kuambiwa kirahisi kwamba ni hadithi tu. Jibu langu ni kwamba kuna tofauti kati ya kusimulia na kuabudu, na irimũ yuko upande ulio wazi. Hakuna aliyemtolea sadaka. Hakuna aliyemwomba mvua. Ni umbo ambalo wazee walilitumia kuuonyesha ubaya, na katika kisa cha mhunzi ubaya huo unakufa.

Upande wa miti jambo lina utata zaidi, na mfano wake umetoka Ihithe, kijiji cha Nyeri. Wangari Maathai, mpanda miti aliyezaliwa huko mwaka wa 1940, ameeleza katika Unbowed, kitabu cha maisha yake cha 2006, kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mũgumo kwa sababu ule ni mti wa Mungu. Baadaye masomo ya sayansi yakamwonyesha uhusiano uliokuwapo kati ya mizizi ya mti ule na maji ya chemchemi iliyokuwa karibu. Mti ulikatwa, na maji yakaondoka. Wangari alisomeshwa na masista wa Consolata huko Mathari na akabaki Mkatoliki. Hakuona kwamba kuisimulia habari ya mũgumo kunamtoa kanisani. Waliousikia mwiko ule kama ushenzi mtupu walisikia nusu ya maneno. Hilo halimaanishi kila mwiko wa kale unaficha sayansi, na sitaki kudai hivyo. Linamaanisha kwamba mzazi anayeifunga hadithi kabla ya kuisikiliza mpaka mwisho anaweza kumfungia mtoto na chemchemi pia.

Inauma kidogo kwamba habari za mwanamke huyo zimegeuzwa vitabu vya picha zaidi huko Marekani kuliko hapa alikozaliwa. Kati ya 2008 na 2010 vilitoka kadhaa. Kimoja, cha Jeanette Winter, nakitaja kwa heshima, kwa kuwa mchoraji hakumficha mtoto mdogo kwamba mpanda miti alipigwa rungu na kutiwa ndani. Kingeweza kuishia kwenye miche na akina mama wanaotabasamu. Mtoto angelala vizuri, na angeamka akidhani kwamba jema halina adui.

Kuhusu lugha sitakawia. Karatina ilikuwa na mchapishaji wake, Gakaara wa Wanjau, mtu wa Tumutumu, aliyekamatwa mwaka wa 1952 kwa sababu ya maandishi yake, akakaa kizuizini miaka mingi, na alipotoka akarudi kwenye mtambo kuchapa vitabu vya Kikuyu. Shajara yake ya kizuizini ilipata Tuzo ya Noma mwaka wa 1984. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliwaandikia watoto visa vya Njamba Nene kwa Kikuyu katika miaka hiyo ya 1980. Kazi hiyo nataka iendelee. Lakini watoto wengi wa mjini leo wanacheza kwa Kiswahili, wanafanya mtihani kwa Kiingereza na wanasalimiana na nyanya kwa Kikuyu, na mzazi asijitese. Asome katika lugha ambayo anaweza kuigiza sauti ya zimwi bila kuona haya, na ambayo mtoto anaweza kumkatiza ndani yake.

Wengine watasema kazi ya kuchagua vitabu imekwisha kufanywa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, na kwamba kitabu chenye idhini yake kinatosha. Idhini ina kazi yake: inaangalia kama kitabu kinalingana na mtaala, kama lugha ni sahihi na kama kina makosa. Haimjui mtoto huyu anayeogopa giza, wala yule aliyefiwa na baba mwezi uliopita. Hoja ya gharama ni ya kweli zaidi. Mwaka wa 2013 vitabu vilianza kutozwa kodi ya asilimia 16, na kwa mzazi anayeuza viazi sokoni Karatina kitabu cha ziada ni anasa. Kwake nasema kwamba hadithi ya mke wa mhunzi haina bei, na kitabu kimoja kizuri kilichosomwa mara thelathini kinazidi thelathini vilivyosomwa mara moja. Mtoto anayedai kisa kile kile kila usiku hajakwama. Bado anaamua.

Sisemi kwamba kila kitabu kinafaa. Vipo ambavyo ningevirudisha kwenye rafu: kile kinachomfanya mtoto acheke kilema au mwenye ngozi nyeusi zaidi, kile ambacho kila msaidizi wa nyumbani ni mwizi, kile kinachoufanya ukatili uwe mtamu na kuuondoa uchungu wa aliyetendwa. Vitabu hivyo vimedanganya kuhusu matokeo, na mtoto hawezi kuhukumu kwa haki mbele ya shahidi wa uongo. Hapo kwenye mpaka ndipo anaposimama mama wa kambo, na sijui mhusika anayenipa shida kumzidi. Amejaa katika hadithi za Kiswahili, za Kikuyu, za Ulaya. Kisa chake kinabeba kweli ambayo mtoto anaihitaji, kwamba mtu mzima anaweza kumchukia mtoto aliye mikononi mwake, lakini kweli hiyo imetwikwa aina moja ya mwanamke, naye ndiye anayefua na kupika katika nyumba nyingi za miji hii. Sidhani dawa ni kumfuta. Tuseme mama wa kambo wa Kerugoya ndiye anayesoma, mtoto wa mumewe kamwegemea, na wamefika ukurasa ambao mwanamke wa hadithini anamnyima mtoto chakula. Anaweza kuuruka, lakini watoto huzijua kurasa zilizorukwa. Anaweza kuongeza la kwake kwamba siku hizi akina mama wa kambo ni wema, na mtoto atajiuliza kwa nini imebidi aambiwe. Au anaweza kuusoma kama ulivyoandikwa, kwa sauti ile ile, mpaka mwisho, kisha akanyamaza. Mtoto akigeuka na kumuuliza kama na yeye yuko hivyo, hakuna mahali pengine ambapo swali hilo lingeulizwa kwa usalama zaidi, na kitabu hakina jibu lake. Jikoni chakula cha jioni kimepakuliwa, sahani ya mtoto iko mezani, na hakuna mkono unaoivuta.